Swali Lililomuua Mama Pole

Kazini walimwita Maswali, naye aliitika. Kampuni iliyokuwa ikitengeneza tamthilia za televisheni ilimwajiri awaulize watu wanapenda nini, wanachoka wapi, na kitu gani kinawafanya wanyanyue rimoti. Alikuwa na chumba chake ghorofa ya chini: viti vya plastiki vilivyopangwa duara, meza ya soda na biskuti, na ukutani kioo kimoja kikubwa. Wageni walijitazama nywele kwenye kioo hicho, bila kujua kwamba upande wa pili waandishi wa tamthilia wamekaa na kalamu zao, wanawaona na kuwasikia.

Katika chumba kile Maswali hakuwa na mpinzani. Angeweza kumkalisha dereva wa lori mwenye mabega kama mlango, na baada ya muda mfupi yule dereva akawa anaeleza jinsi alivyojifungia chooni kulia kwa sababu ya bibi harusi aliyeachwa kwenye tamthilia. Wenzake walidhani ana dawa. Dawa yenyewe ilikuwa kunyamaza tu. Mtu akimaliza kujibu, Maswali alimtazama kwa upole kana kwamba bado kuna kitu kizuri zaidi kinakuja, na mtu, kwa kuuonea haya ule ukimya, akatoa cha moyoni.

Kunyamaza alijifunza nyumbani kwa mama yake mkubwa.

Mama yake mzazi alifariki yeye hajaanza shule. Baba alikwishakwenda zake kabla ya hapo na hakuna aliyejua alikotokomea. Siku ya mazishi Mama Mkubwa, dada wa marehemu, alimkumbatia mtoto mbele ya watu wote akasema, "Huyu sasa ni wangu," na wanawake wakaangua kilio upya. Walipofika nyumbani akamwonyesha mahali pa kulala, mahali pa ufagio, na kiti ambacho hakutakiwa kukikalia. Mama Mkubwa hakuwa mtu wa fimbo. Angeweza kukaa wiki nzima bila kumsemesha zaidi ya kumtuma, na mtoto akajifunza kusubiri, midomo imefungwa, pengine leo atasema kitu.

Wakati huo Mama Mkubwa alikuwa mwigizaji wa jukwaani ambaye jina lake halijatoka. Kazi yake aliifanya kwa kutazama watu. Alikuwa akikaa nje ya hospitali, mahakamani, vituoni, akiwatazama waliofiwa na walioachwa wanavyoshika mikoba yao. Siku moja, akijiandaa kuigiza mwanamke anayeambiwa kwamba mtoto wake aliyepotea amepatikana, alimwita mpwa wake sebuleni akamsimamisha karibu na dirisha, penye mwanga.

"Mama yako amekuja," akamwambia. "Yuko mlangoni."

Mtoto hakukimbia papo hapo. Kwanza uso ulifunguka, kidogo kidogo, kama usioamini. Mama Mkubwa alikuwa ameinama mbele ya kiti chake, macho hayapepesi, anausoma ule uso. Kisha mtoto akatimka, akafungua mlango, akakuta ngazi tupu na ndoo ya jirani. Aliporudi, Mama Mkubwa alikuwa mbele ya kioo cha ukutani, anaachanisha midomo kidogo, anainua nyusi, anazishusha, anaziinua tena.

"Basi," akasema bila kugeuka. "Nimeshaona. Kamalizie vyombo."

Mchezo ulipoonyeshwa, mtoto alipelekwa ukumbini akakalishwa safu ya nyuma. Aliuona uso wake mwenyewe juu ya mwili wa mtu mzima, na watu wakisimama kuupigia makofi. Tangu siku ile alimwogopa Mama Mkubwa, na hofu ilipokomaa ikawa chuki. Aliificha vizuri. Alisoma, akafaulu, akaenda chuo kujifunza utafiti wa habari na burudani, akapanga chumba chake, akapata kazi.

Na kazi yenyewe ikamkutanisha na nani? Kampuni ile ndiyo iliyokuwa ikitengeneza tamthilia kubwa kuliko zote, na ndani yake Mama Mkubwa alikuwa ameshapata jina. Aliigiza mama wa nyumba yenye watoto wengi, mama anayewapokea hata wa wenziwe, na kila mtoto akimjia na shida humwekea mkono nyuma ya shingo, akainamisha kichwa, akasema, "Pole, mwanangu." Mitaani jina lake la kuzaliwa lilisahaulika. Alikuwa Mama Pole. Wauza matunda walikataa hela yake. Wanawake walimshikisha watoto wao wachanga awabariki.

"Una bahati wewe," watu walimwambia Maswali. "Kulelewa na Mama Pole."

"Kweli," alijibu.

Kwenye korido za kampuni Mama Mkubwa alimwita "mwanangu" kwa sauti ya kutosha kusikika na wote. Wakibaki wawili kwenye lifti, kila mmoja alitazama namba za ghorofa.

Basi ikatokea kwamba wadhamini walitaka vijana. Tamthilia ilikuwa imejaa watu wazima, wakasema, apunguzwe mmoja ili nafasi yake ichukuliwe na sura mpya. Mtayarishaji mkuu, ambaye wote walimwita Bosi, hakutaka lawama. Akamwita Maswali.

"Ni ama Mama Pole, ama yule mlevi wa kona anayewavunja watu mbavu," akasema. "Waulize watazamaji. Watakalosema, ndilo."

Kikundi cha kwanza kiliulizwa sawasawa, kama kitabu kinavyotaka. Maswali aliuliza, "Mnamwonaje Mama Pole?" akanyamaza. Chumba kizima kilichangamka. Mwanamke mmoja muuza mitumba, aliyekuja na kifurushi chake cha nguo na kukiweka chini ya kiti, aliongea akitazama sakafu.

"Mimi nilizaliwa na mama, lakini sikulelewa," akasema. "Yule akisema pole, huwa najibu. Peke yangu sebuleni, najibu. Wanangu wananicheka."

Wengine hawakumcheka. Maswali alihisi shingo yake ikipata moto. Aliwashukuru, akawafungulia mlango, akarudi kukaa kwenye kimoja cha vile viti vya plastiki na kukata shauri.

Swali lile alilifuta. Mahali pake akaandika: "Ni jambo gani la Mama Pole limeanza kukuchosha?" Anayeijua kazi ile anajua kwamba swali la namna hii limeshajijibu kabla ya mtu kufungua mdomo. Tena hakuishia hapo. Vikundi vilivyofuata alivichagua kutoka vyuoni, vijana ambao tamthilia waliiona kwa kupita tu, bibi zao wakiwa wameikodolea macho. Akawaonyesha vipande vibovu, siku ambazo Mama Pole alikuwa na mafua na maneno aliyopewa yalikuwa ya kurudiarudia. Vijana walikuwa na adabu. Wamekaribishwa, wamepewa soda, dada anayewauliza anatabasamu na anasubiri. Wakatafuta cha kuwachosha mpaka wakakipata.

"Anasema pole mno," alisema mmoja.

"Pole mno," Maswali alirudia kwa upole, akaandika, akanyamaza. Wengine wakafuata njia ileile.

Alipowasilisha ripoti, Bosi aliisoma mara mbili.

"Una hakika? Huyu si ndiye aliyekulea?"

"Takwimu hazina undugu," alisema Maswali.

Bosi alimtazama kwa heshima ambayo hakuwahi kumwonyesha. "Sawa," akasema. "Sasa katafute afe na nini."

Hiyo nayo ilikuwa kazi yake. Akaenda hospitali, akaomba ruhusa, akakaa wodi ya wagonjwa wa figo pamoja na muuguzi mmoja mwenye subira, akaandika midomo inavyokauka, miguu inavyovimba, macho yanavyotafuta mlango. Aliandika kwa makini na akawapa waandishi. Kabla ya siku ya kurekodi, Mama Mkubwa alishuka ghorofa ya chini kwa mara ya kwanza na kusimama mbele ya meza yake.

"Wameniambia wewe ndiye uliyekwenda kuwaona," akasema. "Mtu wa figo akikaribia, mikono anaiweka wapi?"

"Juu ya tumbo. Lakini haitulii. Inashikashika shuka."

"Hivi?"

"Polepole zaidi. Na vidole viwe vizito."

Mama Mkubwa alijaribu pale pale, amesimama, akishikashika upande wa gauni lake. Maswali alimrekebisha kidole gumba. Ilikuwa mara yao ya kwanza kugusana tangu siku ya mazishi.

"Asante, mwanangu," Mama Mkubwa akasema, na hapakuwa na mtu mwingine mle chumbani wa kusikia.

Mama Pole alikufa kwa kurekodiwa mara moja tu, bila kurudia. Mafundi wa taa walijifuta machozi. Kipindi kiliporushwa, maduka yalinyamaza. Walimu walifika shuleni na macho mekundu. Kisha sura mpya zikaingia, vijana wakaanza kutazama kweli, wadhamini wakafurahi, na ripoti ya uongo ikageuka kuwa ripoti bora kuliko zote. Maswali akapandishwa cheo. Akapewa wasaidizi wa kuwafundisha, naye akawafundisha vizuri: usimwekee mtu maneno mdomoni, usimwamini mtu mmoja, tafuta wa pili na wa tatu.

Kwa Mama Mkubwa unga ulimwagika na haukuzoleka. Kampuni nyingine ziliuogopa ule uso. Wakimweka popote, watu wataona Mama Pole, na Mama Pole ameshazikwa. Matangazo ya sabuni yalimwacha, kwa kuwa nani atanunua sabuni kwa maiti. Nyumba nzuri ya kupanga ikamshinda. Akafika kwa Maswali na masanduku yake, akagonga mlango kama mgeni aliyealikwa.

Maswali alikuwa na chumba kimoja cha ziada chenye dirisha, alichokitumia kuweka makaratasi. Akampa Mama Mkubwa stoo. Godoro lililala kati ya ndoo za rangi na feni mbovu. Chakula alimpakulia baada ya yeye mwenyewe kula na kuosha sahani yake. Jioni alifungua tamthilia kwa sauti kubwa, wale vijana wapya wakicheka nyumbani kwa Mama Pole, na kumtazama Mama Mkubwa kwa pembe ya jicho. Alikuwa amezingoja siku zile kwa miaka. Zilipofika zikawa hazina ladha, kwa sababu Mama Mkubwa hakulalamika. Alikula, akasema maharage yamezidi chumvi, akatazama televisheni na kusema yule binti hajui kulia, analia kwa mabega.

Jumamosi moja asubuhi jirani wa mlango wa pili, mwanamke aliyekuwa ametoka kupoteza mimba, alisikia Mama Pole yuko pale akaja kuomba kumsalimia. Aliingia akasimama katikati ya sebule, hajui aanzie wapi. Mama Mkubwa aliinuka kutoka kwenye kochi. Akamwekea mkono nyuma ya shingo. Akainamisha kichwa upande, akangoja kidogo.

"Pole, mwanangu."

Jirani alilia mpaka akakaa chini. Mama Mkubwa alikaa naye sakafuni bila haraka, hadi alipotulia na kuondoka akiwa mwepesi kidogo. Maswali alikuwa karibu na mlango wa jikoni, akipiga pasi. Alishangaa kusikia sauti yake mwenyewe.

"Mimi hukuwahi kunishika hivyo."

"Nikushike vipi, na mimi sina?" Mama Mkubwa alikuwa amerudi kwenye kochi anatengeneza mto wake. "Ile si yangu. Ni ya mama yako."

Maswali alinyamaza, kama alivyozoea kazini. Mama Mkubwa akatabasamu.

"Usininyamazie. Mtindo huo umeutoa kwangu." Kisha akaeleza, kwa sauti ya mtu anayezungumzia kazi. "Waliponipa nafasi ile, sikujua mama mpole anakuwaje. Bibi yako hakuwa mpole, na mimi unanijua. Nikamkumbuka marehemu alivyokuwa na wewe. Nilikuwa nikija kwenu namtazama kwa wivu, nasema huyu anayatoa wapi. Mkono shingoni, wake. Kuinamisha kichwa, wake. Kucheka midomo imefungwa, wake. Hiyo pole yenyewe alikuwa akikuambia wewe, ukijikwaa, ukimwaga uji, ukiamka vibaya. Nilimchukua mzima mzima nikamweka pale, na watu wakampenda. Wewe ukamuua."

Pasi ilikuwa ikiunguza nguo. Maswali aliiinua akaisimamisha.

"Nani kakwambia ni mimi?"

"Bosi. Siku ileile. Alinipa na maswali yako niyasome. Nikacheka, nikasema huyu kweli nimemlea mimi."

"Ungeweza kumwambia kwamba yamepindishwa. Hata mtu asiyesoma angeliona hilo."

"Ungefukuzwa. Na mimi ningekuja kukaa kwa nani?" Alinyoosha miguu. "Halafu nilitaka uniulize mwenyewe. Umechelewa kweli kuuliza, kwa mtu unayeitwa Maswali."

Maswali hakuamini, au alijilazimisha asiamini. Yule alikuwa mwigizaji. Angeweza kutunga mama kutoka hewani ili amuumize. Kwa hiyo akafanya alichokuwa akiwafundisha wasaidizi wake. Alikwenda kwa mjomba wake, fundi cherehani, mdogo wa marehemu, ambaye walionana kwa nadra. Alimkuta akishona sare za shule. Alijichunga asimwelekeze.

"Mjomba, ulikuwa ukitazama ile tamthilia ya Mama Mkubwa?"

"Kila ilipotoka."

"Kwa nini?"

Mjomba akaondoa mguu kwenye pedali. "Unaniuliza au unanitania? Yule si alikuwa mama yako mtupu? Shingo ile, kicheko kile. Mimi nilikuwa nafunga duka mapema. Nilijisemea, angalau yule mtoto ana pa kumwona." Alichukua kipande cha kitambaa, akakikunja, akakikunjua. "Walipomuua sikuiwasha tena. Kule kwenu ni nani aliyeamua?"

"Watazamaji," alisema Maswali.

Alijaribu kumchimba zaidi, lakini mjomba aliondoka nyumbani mdogo kwenda kujifunza ufundi, na kumbukumbu zake ziliishia pale pale: shingo, kicheko. Wengine waliomjua marehemu walikuwa wamekufa au hawajulikani walipo. Picha ya mama ilikuwa moja tu, ya kundi la watu harusini, naye aligeuka wakati kamera inapiga.

Akaanza kutumia muda wa chakula cha mchana kwenye chumba cha mhariri wa picha, akitazama vipindi vya zamani, kimoja baada ya kingine, na kusimamisha kila mkono ulipopanda shingoni.

"Utafiti?" aliuliza mhariri akitafuna sambusa.

"Utafiti."

Alimwona Mama Pole akifunga mlango, akipuliza chai, akimkemea mtoto kisha akijuta. Tatizo likawa kwamba hakuweza kuwatenganisha. Ile chai ilipulizwa na nani? Ile kejeli ya pembeni mwa mdomo, ilikuwa ya marehemu, au Mama Mkubwa alipenyeza yake? Kila alichokipenda kwenye kioo cha mhariri alilazimika kukitilia shaka, na wa kumwondolea shaka alikuwa mmoja tu, amelala stoo kwake.

Akamhamishia kwenye chumba chenye dirisha. Makaratasi akayapeleka stoo. Akaanza kupika bila chumvi.

"Nifanyie mara moja tu," alimwomba siku moja. "Kama ulivyomfanyia jirani."

"Mama Pole amekufa, mwanangu," alijibu Mama Mkubwa. "Figo."

Lakini maswali aliyajibu, akiwa amepewa kiti kizuri na amekula akashiba. Alisema marehemu alikuwa akipuliza chai, na juma lililofuata akasema marehemu hakunywa chai maisha yake yote. Alisema alipenda kuimba akifua. Alisema hakuwa na sauti kabisa, alikuwa akipiga mluzi. Alisema katika siku zake za mwisho alimwita binti yake kwa jina, tena akasema hapana, hakumwita mtu. Maswali, aliyekuwa akimjua mwongo kwa kumtazama tu mikono, alimtazama huyu mikono, uso, pumzi, asiambulie kitu. Akaandika yote, la leo na linalolipinga la juzi.

Miaka imepita na bado wako pamoja. Mama Mkubwa amenenepa. Kila jioni Maswali akirudi kazini huvua viatu, humtilia chai, huweka sukari kadiri Mama Mkubwa anavyotaka, huvuta kigoda karibu na miguu yake, na kuuliza.